Kwa Pikipiki Hadi Nyasa

Watanzania wengi wanaijua barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya kwa usingizi. Wanapanda basi alfajiri, wanavuta pazia jua likianza kuchoma, wanaamka Msamvu, Morogoro, kununua maji na mayai ya kuchemsha, wanasinzia tena, na wakija kuzinduka wako Mbeya na shingo zinawauma. Zaidi ya kilomita 800 za nchi zimewapita dirishani. Ni hasara kubwa, kwa sababu naamini Tanzania nzima haina barabara nzuri kuliko hii. Nasema hivyo nikijua wapo watakaonitajia ile ya kupandia Lushoto, au ile inayozunguka ukingo wa Ngorongoro. Hizo ni nzuri, lakini ni fupi. Hii inakupitisha pwani, mbugani, kwenye korongo la mibuyu, kwenye baridi ya misitu na kwenye mashamba ya mpunga, kisha inakuteremsha hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa.

Mwezi Julai niliifuata barabara hii kwa pikipiki pamoja na swahiba wangu, Mnyakyusa wa Rungwe aliyehamia Dar es Salaam tangu ujana. Yeye alikuwa anakwenda kumwona mama yake. Mimi nilikuwa nakwenda kuiona njia. Kila mmoja alikuwa na pikipiki yake, zile za kawaida za cc 150 zinazobeba abiria na magunia ya mkaa kila pembe ya nchi. Tulizichagua makusudi. Pikipiki kubwa ikikuharibikia porini utasubiri spea kutoka mjini. Hii ya kwetu, kila penye kijiwe cha bodaboda pana mtu anayejua kuifungua. Tulibadilisha oili, tukakaza cheni, tukafunga tyubu za akiba na plagi kwenye mabegi, tukatoka Kimara kabla ya adhana ya alfajiri ili tuupite msongamano wa malori.

Mwenzangu alitangulia. Barabarani hakuna mazungumzo, kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu: mguu wa kushoto ukinyooshwa, kuna shimo, mkono ukishushwa taratibu, punguza mwendo, honi mbili, tuingie sheli. Mpaka tunafika Chalinze nilikuwa nasoma mgongo wake vizuri kuliko vibao vya barabarani. Ndiyo raha ya kusafiri na rafiki kwa namna hii. Mko pamoja kutwa nzima, kila mmoja na mawazo yake, na mkisimama kila mmoja ana la kusema.

Morogoro Milima ya Uluguru ilikuwa bado imefunikwa na mawingu mkono wa kushoto. Mto Ruvu unaanzia huko, na Dar es Salaam inakunywa maji yake. Kwenye basi, hilo ni jambo la kitabuni. Ukiwa juu ya pikipiki ubaridi wa milima unakugonga kifuani kabla hujaiona vizuri, na unaelewa mara moja kwa nini mito inaanzia pale. Tangu hapo tukawa tunaifuata safari yetu kwa mito, na sijui njia bora ya kuielewa nchi hii.

Mikumi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964, na barabara kuu inaikata katikati kwa kilomita zipatazo 50. Vibao vinaorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, na kila mwenye akili anapunguza mwendo. Kwa pikipiki huhitaji kibao. Hakuna kioo wala bati kati yako na twiga. Unasikia harufu ya nyasi kavu, kisha harufu nzito ya kinyesi kibichi cha tembo, nawe unajua kundi haliko mbali. Mwenzangu alishusha mkono. Mbele yetu tembo jike alikuwa anavuka na mtoto wake, bila haraka, na lori la Zambia upande wa pili limesimama kumpisha. Tulisubiri mbali, injini zikiunguruma taratibu, hadi mtoto naye akamaliza kupanda tuta la barabara. Dereva wa lori alitupungia mkono, tukaendelea.

Baada ya mji wa Mikumi barabara inajipenyeza kati ya milima ikielekea kuukuta Mto Ruaha Mkuu, na joto linapanda. Ruaha Mbuyuni, mpakani mwa Morogoro na Iringa, vitunguu vinapangwa kando ya lami katika nyavu nyekundu, na hewa yenyewe inanukia vitunguu. Hapo ndipo tairi langu la nyuma lilipokula msumari. Kijana wa fundi chini ya mti alilifungua kwa vyuma viwili vilivyonyooshwa kutoka kwenye springi ya gari, akauzamisha mpira kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakaonyesha tundu, akausugua kwa msasa, akaweka kiraka. Kisha akatoa kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: pistoni kuukuu ya lori, iliyofungwa kwenye kibanio cha chuma. Akaikandamiza juu ya kiraka, akamimina petroli kidogo ndani yake, akawasha. Moto mdogo ukawaka ndani ya pistoni, chuma kikapata joto, kiraka na mpira vikashikana vikawa kitu kimoja.

"Kaka, mnaelekea wapi?" aliuliza akisubiri moto uzimike.

"Kyela," mwenzangu akajibu.

"Basi hiki kiraka mtarudi nacho. Tairi litaisha, kiraka kitabaki."

Kilifika, na bado kipo.

Mto Ruaha Mkuu pale darajani una rangi ya udongo na unakwenda kwa nguvu. Maji hayo yametoka bwawa la Mtera, yanateremka kuzungusha mitambo ya Kidatu, kisha yanaingia Rufiji. Umeme wa nyumba nyingi za nchi hii umepita hapa ukiwa bado maji. Ng'ambo ya mto mibuyu inaanza, mamia kwa mamia, imetapakaa mabondeni na juu ya vilima vikavu, vigogo vyake vya kijivu vikimeta juani. Julai imeshapukutisha majani, imebaki matawi matupu. Naipenda sehemu hii kuliko nyingine yoyote ya njia, na wasafiri wa basi ndipo hasa wanapofunga pazia.

Kisha Kitonga. Ukuta wa mlima unakuja mbele yako na barabara inaukwea kwa kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye msitu mnene. Malori yanayopanda yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Yanayoshuka yanaacha harufu ya breki zilizoungua. Nyani wamekaa kwenye kingo za zege wakikutazama. Tulipanda kwa gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, kila mmoja akisikiliza injini yake. Chini jasho lilikuwa linatutiririka. Katikati ya mlima upepo ukageuka. Tulipotokea juu mwenzangu alisimama kando, akafungua begi, akatoa makoti. Bila kusema neno akanirushia langu. Ardhi nyingine ilikuwa imeanza: Ilula na nyanya zake, hewa nyepesi, anga ya buluu iliyokolea, watu wamevaa masweta mchana.

Kabla ya kufika Iringa tulisimama Lugalo, ambapo upo mnara wa kumbukumbu karibu na barabara. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, aliyekuwa akiitwa Nyundo, kilipita hapa kikiwa na bunduki na mizinga. Wahehe wa Mtwa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, walikuwa wamejificha vichakani. Zelewski na sehemu kubwa ya askari wake hawakutoka. Mkwawa aliendelea kupambana mpaka Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi 1954. Limehifadhiwa Kalenga, si mbali na mji wa Iringa. Haya tuliyasoma darasani. Lakini ukisimama Lugalo na helmeti mkononi, ukaona jinsi miti na miinuko inavyoibana njia, unaona kwa macho jinsi mpango ule ulivyowezekana. Tulikaa pale hadi vivuli vikarefuka. Msafiri yeyote mwenye chombo chake mwenyewe asipite Lugalo bila kusimama.

Iringa tulilala, chini ya mablanketi mawili. Mji umekaa juu ya kilima na Ruaha Mdogo unapita chini yake, na asubuhi ukungu unafuata mkondo wa mto kiasi kwamba unaweza kuuchora kwa kutazama ukungu tu. Isimila, penye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale, tuliipa saa moja. Ilistahili zaidi. Kutoka hapo ni misindano na milingoti ya Sao Hill, magogo kando ya barabara, harufu ya utomvu, kisha Makambako na upepo wake unaokusukuma pembeni kama mtu mwenye ugomvi nawe. Vidole vilikufa ganzi ndani ya glovu. Makambako tulikunywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja karibu na stesheni ya TAZARA, tukaondoka.

Halafu nchi inafunguka. Kulia ni bonde la Usangu, tambarare hadi macho yanapoishia, mashamba ya mpunga ya Mbarali na vyanzo vya Ruaha Mkuu ule ule tuliouvuka kwenye joto la Mbuyuni. Kushoto ni safu ya Kipengere, imesimama wima. Chimala mwenzangu alinionyesha barabara inayopanda kwa kona kali kwenda Matamba na Hifadhi ya Kitulo, ile watu wanayoiita Bustani ya Mungu kwa maua yake ya porini. Maua yanachanua wakati wa mvua. Julai ni nyasi na baridi. Kitulo inataka safari yake peke yake, na nimeshaipangia.

Uyole tukaiacha barabara ya Tunduma, tukakata kushoto. Isongole ukungu ulishuka mpaka nikawa naona taa nyekundu ya mwenzangu tu. Juu ya mgongo ule maji yanagawana. Nyuma yetu yanakwenda Usangu na Rufiji. Mbele yanakwenda Nyasa, Shire na Zambezi, yakaione bahari upande wa Msumbiji. Barabara ikaanza kuteremka, ukungu ukachanika, na Rungwe ikawa mbele yetu, kijani juu ya kijani: chai, migomba, viazi, Mlima Rungwe wenye karibu mita 3,000 umekaa juu ya yote. Wilaya hii hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu zote za nchi, na inaonekana. Hata nguzo za umeme zimeota kuvu. Kiwira tulitazama Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliovuka mto bila fundi, maji yakipita chini yake kwa kishindo.

Mama yake alikuwa amesimama uani tulipoingia. Mwenzangu alimsalimu Kinyakyusa, salamu ndefu yenye majibu mengi, nami nikangoja zamu yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja na hivi vitu kutoka Dar?" Alizizunguka pikipiki zote mbili, akagusa tenki lililokuwa bado la moto. "Baba yenu angewachapa."

Alitupa mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama, na maziwa mgando. Alipojua kesho tunateremka Matema, aliuliza swali moja tu: nani kati yetu ataweza kumletea chungu bila kukivunja. Kile cha zamani kilikuwa na ufa, na maharage ya kwenye sufuria, alisema, hayana ladha.

Kutoka Tukuyu hadi ziwani unapoteza kama mita 1,000 za kimo. Makoti yalirudi begini moja baada ya jingine. Chai ikaisha, mikakao ikaanza chini ya migomba, kisha michikichi, kisha mashamba ya mpunga wa Kyela. Baada ya Ipinda Milima ya Livingstone ikasogea na kusogea, mpaka Matema ambako inashuka moja kwa moja majini. Ziwa hili lina kina cha mita 700 na ushei, na aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote. Maji yake ni maangavu hata ukisimama hadi kifuani unaona kucha zako. Tulioga vumbi la mikoa sita humo.

Vyungu vinatengenezwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, rasi iliyo ng'ambo kidogo, na vinaletwa sokoni Matema kwa mitumbwi. Vinafinyangwa kwa mikono, kuta zake ni nyembamba, na vina michoro myeupe na myekundu begani. Mwenzangu alichukua cha kwanza, akakirudisha. Mama muuzaji akacheka, akamchagulia kingine, akakipiga kwa kiungo cha kidole. Kililia. Akapiga cha kwanza ili tusikie tofauti: sauti fupi, iliyokufa.

"Hiki kina ufa ambao macho hayauoni," alisema. "Wewe si mtoto wa hapa, ulijuaje kukirudisha?"

"Mama aliniambia nisikubali cha kwanza."

Bei haikuhitaji mjadala mrefu. Tulikijaza nyasi kavu ndani, tukakizungushia koti langu zito, tukakifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu iliyokatwa, mizunguko mingi kuliko ilivyohitajika. Kurudi Tukuyu nilitangulia mimi, ili mguu wangu umwonyeshe kila shimo mapema, na mwenzangu hakuzidi kilomita 40 kwa saa hadi uani kwa mama.