Kumwombea Muuaji Asikamatwe

Kuna dakika moja katika filamu ya Psycho ambayo nikiitazama na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, huwa naacha kuangalia televisheni nikamwangalia yeye. Norman Bates ameshamaliza kusafisha bafu. Amedeki damu, amefuta kuta, amemviringisha marehemu kwenye pazia la plastiki na kumpakia kwenye buti, na sasa amelisukuma gari la marehemu huyo kwenye dimbwi la tope lililo jirani na hoteli. Linazama taratibu. Ghafla linakwama, paa likiwa bado linaonekana. Norman anaacha kutafuna, anatupa macho huku na huku. Na huyo niliyekaa naye sebuleni, mtu mwema, mcha Mungu, baba wa watoto, anabana pumzi. Gari linapomalizikia chini ya tope, anashusha pumzi.

Anashusha pumzi kwa sababu gani? Muda mfupi tu uliopita alikuwa upande wa Marion Crane, yule dada aliyekimbia na dola 40,000 za watu, ambaye alikuwa ameshaanza kufikiria kurudi. Ameuawa kikatili mbele ya macho yetu. Haki ingetaka gari libaki limekwama pale pale hadi polisi wafike. Lakini hakuna anayelitaka hilo. Kila mtu anataka lizame.

Kwa miaka mingi nilidhani siri iko kwa mwigizaji. Katika riwaya ya Robert Bloch ya mwaka 1959, Norman ni mtu wa makamo, mnene, wa miwani na chupa ya pombe. Si mtu ambaye ungependa kuketi naye meza moja. Alfred Hitchcock, alipoitengeneza filamu yake mwaka uliofuata, alimpa nafasi hiyo Anthony Perkins, kijana mwembamba, mwenye haya, mzuri wa sura. Hapo unaweza kusema basi, tumehongwa kwa uzuri. Lakini si kweli, au si kweli yote. Ukiitazama tena sehemu ile ya usafi utaona kwamba hakuna anayesema neno. Kwa dakika kadhaa tunamwona mtu akifanya kazi: ndoo, dekio, taulo, namba ya gari, kukagua kama kuna kilichosahaulika. Anafanya kwa makini, kama mtu mwenye wageni wanaokaribia kufika. Ukishamtazama mtu akihangaika na kazi kwa muda wote huo, unataka kazi yake iishe salama. Umeshakuwa kibarua wake bila kuandikishwa.

Aliyeliona jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Frederick Forsyth. The Day of the Jackal, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1971 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Na kama ningekuwa mimi ndiye mchapishaji, huenda ningeikataa pia. Inahusu muuaji wa kukodiwa, aliyepewa jina la siri la Mbweha, anayetumwa kumuua Jenerali Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, mwaka 1963. Kila msomaji alikuwa anajua kwamba de Gaulle hakuuawa. Alifariki nyumbani kwake kijijini Novemba 1970, miezi michache tu kabla kitabu hakijatoka. Sasa utamtia mtu taharuki namna gani ilhali mwisho anaujua?

Forsyth alikuwa mwandishi wa habari wa Reuters jijini Paris katika miaka ile, na alikuwa anakijua anachokizungumzia. Agosti 22, 1962, maofisa wa jeshi na wenzao waliomchukia de Gaulle kwa kuiachia Algeria walimvizia njiani eneo la Petit-Clamart, wakalimiminia gari lake risasi. Yeye na mkewe walitoka wazima. Kiongozi wa shambulio lile, Jean-Marie Bastien-Thiry, alipigwa risasi na kikosi cha jeshi Machi 11, 1963, na kitabu kinaanzia hapo, asubuhi ile ya kunyongwa kwa ndoto zao. Kuanzia hapo waliobaki wanasema: wetu wote wanajulikana, tutafute mgeni.

Mgeni mwenyewe hatuelezwi ni nani. Hana mama, hana utoto wa shida, hana kisa cha kututoa machozi. Jina lake halisi hatulipati hata kwenye ukurasa wa mwisho. Forsyth anatupa kitu kimoja tu, kazi. Mbweha anakwenda makaburini kutafuta jina la mtoto aliyekufa zamani, ili aombe cheti cha kuzaliwa na hatimaye pasipoti kwa jina hilo. Anakwenda kwa fundi wa bunduki na kumweleza anachotaka: nyepesi, yenye kufumuka vipande vipande na kufichika ndani ya mabomba membamba. Halafu anaingia msituni na tikiti.

Katika filamu ya Fred Zinnemann ya mwaka 1973, sehemu hiyo ya tikiti ndiyo inayobaki kichwani hata ukisahau mengine. Edward Fox anachora sura ya mtu kwenye tikiti, analitia kwenye wavu, analitundika mtini, anarudi mbali. Anapiga. Anatazama risasi ilipopita. Anachukua bisibisi, anakaza kidogo darubini ya bunduki. Anapiga tena. Hakuna muziki wa kukushika mkono. Mwisho anaweka risasi maalumu ya kulipuka, na tikiti linapasuka lote, lisibaki hata kipande cha kuokota.

Niliitazama na mama mdogo, muuguzi mstaafu, mwanamke ambaye hapendi hata kuku achinjwe mbele yake. Habari za de Gaulle na Algeria hakuwa nazo. Pale risasi ya kwanza ilipokosa katikati, alisogea mbele kwenye kiti akasema, “Bado kidogo, baba. Inakwenda kushoto.” Alikuwa anamwambia Mbweha. Mjukuu wake aliyekuwa sakafuni akauliza swali ambalo watoto wote waliokulia kwenye vibanda vya video wanaliuliza: “Bibi, kwani hapa steringi ni nani?” Mama mdogo akafungua mdomo ajibu, akaufunga.

Maana steringi, kwa haki, ni Claude Lebel, yule mpelelezi mchovu anayeigizwa na Michael Lonsdale, anayelala ofisini na kupiga simu usiku kucha. Kila mara Lebel anapokaribia, hatufurahi kama tunavyopaswa. Tunasema, “ameshajua!” kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Na Mbweha si mtu wa mzaha, maana anaua anaowaona ni hatari kwake: mtengeneza vitambulisho, mama wa kibwanyenye aliyempokea kitandani mwake, mwanamume aliyemkaribisha kwenye nyumba yake. Tunashtuka kila mara. Tunamchukia kwa dakika mbili tatu. Halafu anachukua begi lake, anaingia barabarani, na sisi tuko naye kwenye kiti cha pembeni.

Kinachonitesa zaidi ni yule askari kijana wa kwenye kizuizi cha barabarani siku ya mwisho. Mbweha amejigeuza mzee mlemavu, mkongwe wa vita, anatembea kwa gongo ambalo ndani yake mna bunduki. Anasema anaishi hapo mbele. Askari anamtazama, anamwonea huruma, anampisha. Sisi tunaotazama tunapumua. Baadaye askari huyo huyo anapanda ngazi pamoja na Lebel, na ndiye anayekufa mlangoni. Ameuawa na huruma yake, na sisi tulikuwa tumeishangilia.

Na de Gaulle anaponaje? Kwa busu. Siku hiyo anawavika nishani wapiganaji wa zamani, na sekunde ile risasi inapofyatuliwa anainamisha kichwa kumbusu mmoja wao shavuni, kama ilivyo desturi ya Wafaransa. Mbweha, Mwingereza, alikuwa amepima upepo, umbali, pembe ya jua, na karatasi zake zote zilikuwa sawasawa. Desturi ya watu hakuipima. Sijui waandishi wengine wanatafuta nini kwenye hitimisho, lakini mimi hapa nilisimama nikatembea chumbani.

Mwaka 2024 ilitoka tamthilia mpya ya televisheni, Eddie Redmayne akiwa Mbweha wa zama zetu. Safari hii wamempa mke, mtoto, na nyumba nzuri Hispania. Imetengenezwa kwa ustadi, sikatai, lakini nadhani walikosa imani na hadhira. Walidhani hatutaweza kumfuata muuaji hadi tumwone akimbeba mtoto. Forsyth alijua kwamba tikiti lingetosha.

Nimelelewa na riwaya za upelelezi za Kiswahili, na nilipozirudia nikiwa na swali hili, nilizisoma kwa jicho jingine. Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, alituketisha na Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum. Tunamfuata anayetafuta, muuaji tunamwona kwa mbali, kama mtu anayepita ng’ambo ya barabara. Ni kitabu cha amani kwa namna yake, hata kukiwa na maiti. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kuanzia Kufa na Kupona mwaka 1974, ni habari nyingine. Gamba anaua, na anaua wengi, na shuleni tulikuwa tunapokezana kitabu kikiwa hakina tena jalada, tukihesabu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama wale waliouawa kwenye ngazi za hoteli walikuwa na watoto. Tulikuwa na Gamba tangu asubuhi, tumekunywa naye, tumepigwa naye. Wale wengine tulikutana nao wakianguka.

Hapo ndipo ninapoona kwamba vitabu hivi vinatufundisha jambo ambalo mahubiri hayafiki. Tunapenda kuamini kwamba tunachagua upande kwa sababu ya haki, kisha tunakaa upande huo. Ukweli ni kwamba mara nyingi tunakaa kwanza. Aliyetuchukua mapema, akatuonyesha shida zake kwa utulivu, tukaona jasho lake, huyo tunamwombea, awe mwizi wa dola 40,000 au mwenye bunduki ndani ya gongo. Leo nenda kwenye kundi lolote la familia la WhatsApp wakati wa mgogoro wa urithi. Wa kwanza kutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, ulio na kikohozi na kimya cha machozi ndani yake, ameshashinda nusu ya kesi. Wa pili hata akileta hati, anasikika kama Lebel.

Babu yangu mzaa mama hakuwahi kusoma Forsyth, lakini alikuwa ameijua hatari hii. Kijijini walimletea kesi za mipaka ya mashamba. Ugomvi ukitokea usiku, mmoja wao alikuwa anawahi alfajiri ili aseme kabla ya mwenzake. Babu alimpokea vizuri sana. Alimpa kigoda, akaagiza uji, akamuuliza mihogo imeshikaje na mbuzi yule mgonjwa anaendeleaje. Mgeni akianza tu, “Mzee, jana jirani yangu…”, babu alipaza sauti kumuuliza bibi aliko tumbaku yake, na bibi, ambaye alikuwa anaujua mchezo, alijibu maneno marefu kutoka jikoni. Iliendelea hivyo hadi yule wa pili atokee kwenye kona ya migomba. Mtoto mimi nilidhani babu ni msahaulifu.

Watengenezaji wa filamu nao wanaijua hatari hii, na wengine inawatia hofu. Patricia Highsmith aliandika The Talented Mr. Ripley mwaka 1955, akatuweka ndani ya kichwa cha Tom Ripley, kijana anayemuua rafiki tajiri kwenye mashua huko Italia, kisha anavaa nguo zake, anaiga saini yake na kuishi maisha yake. Kitabu kizima unahangaika naye: barua, benki, mwenye nyumba, hatua za polisi kwenye ngazi. Na mwishoni anaponyoka. René Clément alipoitengenezea filamu mwaka 1960, Alain Delon akiwa Ripley, aliona hatuwezi kuachwa hivyo. Mwili wa marehemu unaibuka umenasa kwenye kamba ya mashua, na polisi wapo tayari. Highsmith alimsifu Delon, ila mwisho ule haukumpendeza, na mimi niko naye. Unatoka sinema ukijisikia msafi, kana kwamba saa mbili zilizopita hukuwa mshirika. Kitabu kinakutoa na mikono ile ile uliyoingia nayo ndani.

Mpwa wangu, anayesomea sheria, alianza na filamu hiyo. Nikampa kitabu. Alikimaliza kwa siku chache, akanipigia simu usiku, amekasirika kweli kweli.

“Mjomba, ina maana hakamatwi?”

“Hakamatwi.”

“Na mimi nilikuwa nasali polisi wasifungue lile sanduku! Mimi! Na mtihani wa jinai ni wiki ijayo.”

Nikamwambia ajipe moyo, Highsmith aliandika vingine vinne vya Ripley baada ya hicho. Akalalamika kidogo kuhusu watu wanaoandika vitabu vya namna hiyo, kisha akataka kujua kama cha pili ninacho, na kama naweza kumtumia na basi la kesho.