Maji Usiyoyafika

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Walakini, wapo watu ambao kazi yao ni kuyafikia maji hayo makusudi, tena wakiwa angani. Tangu tarehe 27 Julai 1943, rubani Joseph Duckworth alipokipenya kimbunga karibu na Galveston, Texas, Marekani imekuwa ikituma ndege vimbungani ili zipime kasi ya upepo na shinikizo la hewa.

Safari hizo hazianzii uwanjani, huanzia mezani. Wapangaji huamua mapema ni ndege ipi itakayotumwa, itafika saa ngapi kwenye jicho la kimbunga, na itaruka kwa kimo gani. Swali hilo la mwisho ndilo kitovu cha mambo. Arukaye chini huupima vyema upepo ulio karibu na bahari, ila hana nafasi ya kujinusuru. Arukaye juu anayo nafasi, ila mengi ya huko chini humpita.

Tarehe 15 Septemba 1989, ndege ya utafiti aina ya Orion iliondoka Barbados kwenda kukichunguza kimbunga Hugo. Iliingia kwa kimo cha futi 1,500, kwa kuwa Hugo hakikudhaniwa kuwa kikali mno. Kumbe kimbunga kilikwisha kuyapita makadirio! Ilipofika kwenye ukuta wa jicho, ndege ilitikiswa mithili ya tiara, injini moja kati ya nne ikashika moto, nayo ikaporomoka kuelekea baharini. Marubani waliidhibiti jichoni, penye utulivu. Lakini utulivu huo ulikuwa gereza, kwani ukuta wa dhoruba uliwazunguka pande zote. Ndege nyingine, ya Jeshi la Anga, ndiyo iliyoupenya ukuta huo ikiwatafutia pahali pepesi pa kutokea. Wote wakarudi salama.

Je, mpango ulikuwa bure? La hasha. Kosa halikuwa kupanga, bali kupangia kimbunga cha jana. Siku hizi vimbunga vikali hupenywa kwa kimo cha takriban futi 10,000, na vipimo vidogo vyenye miavuli hudondoshwa vikaseme yaliyo chini. Binadamu amekiri kwamba hajui, na ungamo hilo amelitia ndani ya mpango wenyewe. Huenda huo ndio mwanzo wa kuyajua maji asiyoyafika.