Kitabu cha Sheria na Chungu cha Nyumbani: Safari ya Tororo na Busia

Msafiri atokaye Kampala kuelekea mashariki huipita Jinja, akaipita Iganga na Bugiri, kisha hufika Namutere, mahali barabara igawanyikapo. Njia ya kulia humpeleka Busia. Ile inyookayo humfikisha Tororo na Malaba. Miji hii imekaa ubavuni mwa Kenya, na kila mmoja una sura yake. Tororo hutambulikana kwa jabali lake, ambalo kilele chake ni mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na kwa kiwanda cha saruji kilichoanzishwa katika miaka ya 1950. Busia haina jabali. Alama yake ni lango la mpaka, nao ni mji wenye jina moja na serikali mbili, nusu Uganda na nusu Kenya.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya jabali na juu ya lango. Makala haya yanaingia nyumbani mwa watu, kutazama jambo ambalo askari wengi wa polisi na jeshi wanalo moyoni: je, mtu mwenye mke au mume, watoto na mshahara wa kadiri, aweza kusomea sheria bila nyumba yake kubomoka?

NJIA NI NDEFU

Kabla ya mwaka 1961, mtu wa Afrika ya Mashariki aliyetaka kuwa wakili hakuwa na budi kuvuka bahari, na wengi walikwenda Uingereza. Mwezi Oktoba mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango yake kwa wanafunzi 14, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Makerere ikaanza kuifundisha mwaka 1968. Mwaka 1970 kikaundwa mjini Kampala Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambacho watu wote hukiita LDC. Upande wa pili, Shule ya Sheria ya Kenya imekuwapo tangu mwaka 1963, na makao yake ya leo ni Karen, Nairobi.

Hivyo elimu imesogea karibu, lakini muda haukupungua. Mwanafunzi wa Uganda husoma shahada kwa miaka 4, kisha huingia LDC kwa miezi 9, ambamo hufundishwa kazi yenyewe: kuandika hati, kuhoji mashahidi na kusimama mbele ya hakimu. Tukijumlisha, ni takriban miaka mitano. Mtoto aliyezaliwa siku mzazi wake alipoanza masomo, siku ya kumaliza atakuwa amekwisha kujua kuhesabu vidole vyake. Nani amlea katika muda huo? Nani alipa kodi? Nani ahudhuria mazishi ya ukoo? Maswali hayo hayamo katika mtihani wowote, lakini ndiyo yanayowaangusha wengi.

NYUMBA MOJA TORORO

Katika nyumba moja ya Tororo, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli, anaishi sajini wa polisi pamoja na watoto watatu. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, yuko LDC. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na nauli ya basi haingoji mwisho wa mwezi.

Siku ya nyumba hiyo huanza alfajiri. Sajini huwasha jiko, huchemsha uji wa mtama, huwavisha watoto sare, kisha huvaa yake mwenyewe. Majirani walimcheka mwanzoni. Siku moja askari kijana alimkuta akimenya mihogo, akapiga saluti kwa mzaha. Sajini hakukasirika. Alimjibu, "Ndugu yangu, jikoni hakuna cheo. Shika kisu."

Mama yake sajini alitoka kijijini na gunia la wimbi, akakaa. Ni yeye apikaye kwon, ule ugali wa wimbi wanaoupenda Wapadhola, na ni yeye aliyegundua jambo ambalo sajini hakuliona. Mama wa watoto aliporudi baada ya majuma saba ya kwanza, mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka miwili, alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akakataa kubebwa. Mama yule aliketi kitandani akalia, na usiku ule akasema kwamba hatarudi Kampala.

Baraza la nyumba likakutana: mume, mke na mama mkwe. Nyama iliondolewa katika matumizi ya kila juma ili fedha yake iwe nauli. Mama angerudi kila Jumamosi ya pili, hata kama ni kwa usiku mmoja. Saa moja kila jioni, kabla mdogo hajalala, simu ingepigwa, na mtoto angesikia sauti ya mama yake ikimwita kwa jina lake la kubembelezwa. Mpango huo uliandikwa katika daftari, ukawekwa juu ya kabati. Baada ya miezi miwili, mtoto alikuwa ndiye wa kwanza kuikimbilia simu.

Usiku wa Jumamosi hizo, mama husoma sebuleni. Tororo ni mji wa radi. Wataalamu wa hali ya hewa walihesabu kwamba kati ya mwaka 1967 na 1976 ngurumo zilisikika hapo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Umeme ukizimika, taa ya mafuta huwashwa, na binti mkubwa huketi upande wa pili wa meza na hesabu zake. Hakuna aliyemwamrisha. Aliona mama yake akisoma, naye akavuta kiti.

SHERIA INAPORUDI NYUMBANI

Faida ya kwanza ya masomo haya huonekana kabla ya cheti. Katika wilaya ya Tororo kuna kijiji kiitwacho Mifumi. Jumuiya ya kutetea wanawake iliyochukua jina la kijiji hicho ilipeleka shauri la mahari mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2007. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua tarehe 6 Agosti 2015 kwamba kutoa mahari si kosa, lakini kudai mahari irudishwe ndoa ivunjikapo ni kinyume cha Katiba. Mwanafunzi wetu alimsimulia mama mkwe wake hukumu hiyo wakichambua mboga. Mama mkwe alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, ng'ombe wale walikuwa shukrani. Shukrani hairudishwi."

Jambo la pili lahusu askari hasa. Sheria ya Mirathi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022. Mtu akifa bila wosia, akaacha mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mjane hupata asilimia 20 ya mali, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Hapo awali fungu la mjane lilikuwa asilimia 15. Nyumba waliyoishi mume na mke haimo katika mgawanyo huo. Huwekewa mjane na watoto. Aidha, sheria humruhusu mwanajeshi aliye vitani kuacha wosia hata kwa maneno ya mdomo, mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja. Lakini ruhusa hiyo ni ya vitani, na wosia wa mdomo hupoteza nguvu mwezi mmoja baada ya askari kutoka katika hali hiyo akiwa hai. Sajini aliposikia hayo, aliandika wosia wake kwa wino juma lile lile, akaupeleka utiwe saini na mashahidi.

KUVUKA BUSIA

Kutoka Tororo tunateremka kusini hadi Busia. Yafaa kukumbuka kwamba mpaka huu si wa tangu na tangu. Mkoa wa mashariki wa Uganda ya wakati ule ulifika hadi Bonde la Ufa. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamishia upande wa pili, na mstari ukapita katikati ya Wasamia na Wateso. Ndugu wa tumbo moja wakawa raia wa nchi mbili.

Watu wa hapa walijitengenezea daraja lao. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliwabeba abiria na mizigo kutoka lango moja hadi lingine, wakiita "boda, boda", na jina hilo leo linajulikana Afrika ya Mashariki nzima. Tangu Januari 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walifungua rasmi kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja tu, katika nchi anayoingia.

Upande wa Uganda nilimtembelea mama mmoja muuza samaki. Hununua samaki wadogo wa Ziwa Viktoria kutoka Majanji. Hapa waitwa mukene. Akivuka lango waitwa omena. Wangefika Tanzania wangeitwa dagaa. Bei hubadilika kama jina. Mumewe, aliyezaliwa Busia ya Kenya, anasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na karo hutoka katika beseni la samaki hao.

Mama huyu ana madaftari mawili, moja la shilingi za Uganda na jingine la shilingi za Kenya. Mumewe alimfundisha kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliotoka nchi ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Tangu ajue hayo hapiti tena njia za panya usiku. Anapita langoni mchana, kichwa juu.

Lakini alikuwa na hofu ambayo daftari halikuweza kuihesabu. Shangazi zake walimwambia: "Unamsomesha mume wa mwanamke mwingine. Siku atakapovaa joho atakuona unanuka samaki." Ndoa yao ilikuwa ya kimila, haikuandikishwa popote. Kwa miaka mitatu alituma fedha kila mwezi huku akiubeba mzigo huo wa maneno peke yake.

Alipomweleza mumewe, kijana yule hakumtuliza kwa kiapo. Alifanya lile ambalo mtu wa sheria hupaswa kufanya. Desemba alirudi, jamaa wakakamilisha mahari iliyobaki upande wa Uganda. Sheria ya Uganda ya mwaka 1973 yataka ndoa ya kimila iandikishwe ndani ya miezi 6 tangu sherehe kukamilika. Ile ya Kenya ya mwaka 2014 yataka msajili aarifiwe ndani ya miezi 3. Wao walikwenda ofisini kabla ya juma la pili kwisha, mke akiwa amevaa gomesi mpya na mume amebeba bahasha. Cheti kilipotoka, mume alimkabidhi mkewe akamwambia, "Mama watoto, hii ndiyo karatasi yangu ya kwanza ya sheria. Zilizobaki zitafuata."

Nilipomwuliza mama yule kama hofu imekwisha, alitabasamu. "Karatasi haishiki moyo wa mtu," alisema. "Lakini sasa najua kwamba aliponisikia, alisimama. Hilo latosha kuuza samaki mwaka mmoja zaidi."

MASHAURI KWA JAMAA

Nyumba hizi mbili zatufunza mambo manne. Kwanza, uamuzi wa kusoma ufanywe na wote wawili, na wazee waarifiwe mapema, kwa maana msaada wa mama mkwe hauombwi siku ya shida tu. Pili, mapato, nauli na karo viandikwe. Fedha isiyoandikwa huzaa tuhuma. Tatu, aliye mbali awe na siku na saa maalumu za watoto, na asizivunje kwa sababu ya mtihani, maana mtoto hajui mtihani ni nini. Nne, karatasi za nyumba ziwe tayari kabla ya safari: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na wosia.

Kwa ndugu zetu polisi na wanajeshi, tusisahau kwamba LDC hutoa pia stashahada ya sheria na mafunzo mafupi ya sheria kwa maofisa wa utawala. Si lazima kila mtu awe wakili. Askari aijuaye sheria humkamata mtu kwa haki, huandika maelezo yasiyotupwa na hakimu, na huwaachia watoto wake mali isiyogombewa.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Jina litakaloitwa siku ya kuapishwa litakuwa la mtu mmoja, na joho litamtosha mtu mmoja. Lakini wapo waliochemsha uji alfajiri, waliochambua mboga, waliobeba beseni la samaki juani. Mwanasheria awakumbukaye hao hatamdharau mjane wala mchuuzi atakayesimama mbele yake akiomba haki.