Kazi ya Ujike: Tafakuri Juu ya Ovari ya Sato

Mwanamke anayepasua samaki ufuoni mwa Ziwa Viktoria hahitaji hadubini ili amtambue sato jike. Kisu kikishapita tumboni, mayai ya manjano humwagika kiganjani na mjadala ukaisha. Lugha ya Kiswahili yenyewe haikujishughulisha sana na suala hili: ngeli ya A-WA humpokea samaki dume na samaki jike kwa kiambishi kimoja, na anayetaka kujua zaidi sharti aongeze neno. Neno hilo likishaongezwa, huchukuliwa kwamba limemwangukia samaki aliyekwisha kuwa jike, daima dawamu. Ovari ya sato ina maelezo mengine.

Yai halijiumbi. Kila yai changa limezungukwa na matabaka mawili ya seli. Tabaka la nje hutengeneza testosteroni, homoni ambayo vitabu vya shule vimezoea kuiita ya kiume. Tabaka la ndani huipokea testosteroni hiyo na kuigeuza iwe estrojeni, na kifanyacho mageuzi hayo ni kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Estrojeni husafiri kwa damu hadi kwenye ini, nalo ini huitikia kwa kutengeneza protini ambayo hurejea ovarini kuwa kiini cha yai. Kumbe sehemu kubwa ya kile kinachommwagikia mchuuzi kiganjani ilipikwa inini!

Samaki wengi wenye mifupa wana jeni mbili za aromatasi, moja ikitumika zaidi ovarini na ya pili ubongoni, ilhali binadamu anayo moja tu. Jozi hiyo ni masalio ya kurudufika kwa jenomu nzima ya mababu wa samaki hao, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Mwanaisimu atatabasamu hapa, maana ni kama neno moja lililozaa visawe viwili, kisha kila kimoja kikajitafutia muktadha wake.

Darasani hadithi husimuliwa kwa mkato: jike ni XX, dume ni XY. Usimulizi huu unamfanya jike kuwa yule aliyekosa Y, kana kwamba ujike ni chumba kilichobaki kitupu baada ya mwenyewe kuhama. Kwa sato mambo hayako hivyo hata kidogo. Siku chache tu baada ya kutotolewa, kabla ovari haijapata umbo la ovari, jeni ya aromatasi tayari imewashwa ndani ya kifaranga cha XX. Inayosaidia kuiwasha ni jeni nyingine, foxl2. Kwa dume, jeni iitwayo dmrt1 huibana. Watafiti walipoiharibu jeni ya aromatasi, au foxl2, vifaranga vya XX viligeuka kuwa madume.

La kustaajabisha zaidi lilichapishwa mwaka wa 2013. Sato majike waliokwisha kukomaa walipewa kwa muda mrefu dawa ya kuizuia aromatasi. Ovari zao zilinywea, korodani zikachipuka mahali pake, na mbegu za kiume zikapatikana. Kromosomu zao zilibaki vilevile, XX. Kiswahili kina neno jikedume, ambalo aghalabu hutupiwa mwanamke kwa kejeli. Kwa samaki hawa ni maelezo matupu. (Haifai, hata hivyo, kumvika binadamu vazi lililoshonewa samaki.) Ovari ya sato, basi, huendelea kuwa ovari kwa kuwa kimeng'enya kimoja hakiachi kazi. Hata maji huweza kukitatiza: vifaranga vya XX vikilelewa katika joto la nyuzi 36 hivi, aromatasi hupungua na baadhi yao huwa madume.

Wafugaji wameutumia udhaifu huu. Sato jike huatamia mayai kinywani, na katika siku hizo hali, hivyo hukua polepole. Isitoshe, dume na jike wakiachwa pamoja hukijaza kidimbwi vitoto. Ndiyo maana vituo vingi vya kutotolea samaki huwalisha vifaranga chakula kilichotiwa methilitestosteroni kwa wiki tatu hadi nne, ili wote wawe madume. Nchini Kenya, Mpango wa Kuchangamsha Uchumi wa mwaka wa 2009 ulipoeneza vidimbwi vya samaki mashambani, haja ya vifaranga vya namna hiyo iliongezeka.

Homoni hiyo huyeyushwa katika alkoholi, ikachanganywa na unga wa chakula, mara nyingi kwa mkono wa kibarua. Yeye ndiye wa kwanza anayestahili kuelezwa anachokishika, kwa lugha anayoielewa. Kimeng'enya, homoni, jeni, ovari: istilahi zimekuwapo kwa miaka mingi, na wanafunzi wa Kiswahili hukariri orodha zake kwa ajili ya mitihani. Karatasi ya maelezo inayobandikwa ukutani, juu ya mizani ya kupimia unga huo, ingeweza kuandikwa kwa istilahi hizo hizo, huku glavu na barakoa zikitajwa katika mstari wa kwanza.