Jifanye Filamu

Mwaka 1929 nilikuwa na miaka 14. Mjomba wangu, mpishi wa safari aliyesifika Nairobi kwa mikate yake ya kuoka ndani ya debe, alinichukua niwe toto wake wa jikoni. Akaniambia tunaondoka na Wamarekani, na si wawindaji, ni watu wa sinema. Sinema mimi nilikuwa nimeiona mara moja tu, Mombasa, juu ya shuka lililokuwa likichezewa na upepo.

Mkubwa wao aliitwa W. S. Van Dyke, bwana mrefu, mkavu, asiyejua kukaa. Walikuja kupiga Trader Horn, filamu ya kampuni ya MGM, nayo ilitufikisha hadi Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison. Pale mto Nile unajibana katika mwanya wa mwamba usiofika hata mita 10, kisha unajitupa. Usiku ukilaza kichwa chini, ngurumo unaisikia kwenye meno.

Watu wakiniuliza habari za safari ile hutaka simba na mamba. Mimi nakumbuka masanduku ya filamu. Yalikaa kivulini, yamefunikwa magunia, na kila alasiri kazi yangu ilikuwa kuyalowesha magunia yale, maana filamu na joto havipatani. Sisi wenyewe jua lilikuwa letu. Nikinung'unika, mzee ananicheka: “Mjomba, likizidi, jifanye filamu.”

Homa haikubagua. Uji wa wagonjwa haukuepuliwa motoni, na Edwina Booth, bibi aliyecheza mungu-mke wa kizungu akiwa nusu uchi juani, aliugua muda mrefu baada ya kazi ile. Mutia Omoolu, Mkenya aliyeigiza Rencharo, alipelekwa mpaka California kumalizia filamu. Sisi wa jikoni tulirudi Nairobi na mishahara yetu.

Yule Bwana Van Dyke nilikuja kumfahamu baadaye, nilipopata kazi ya kuzungusha filamu katika jumba la sinema Mombasa. Kumbe alianzia chini: mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa D. W. Griffith katika Intolerance, kisha akatengeneza filamu za wachunga ng'ombe. Hollywood alisifika kwa haraka. Tukio akilipiga mara moja, imetosha. The Thin Man ya 1934 aliimaliza chini ya wiki tatu, na bado akatajwa kuwania Oscar. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu. Mtu huyo ndiye aliyetukalisha porini miezi na miezi! Nadhani kiboko hajui kupokea amri.

Wala hakutupa kitu. Mwaka 1932 alitoa Tarzan the Ape Man, akachomeka humo picha alizobaki nazo za safari yetu. Johnny Weissmuller alikuwa akirukaruka Marekani, wanyama ni wa kwetu. Nilizitambua nilipokuwa nikiionyesha filamu hiyo, jasho likinitiririka ndani ya kile chumba cha mashine, kidogo kama kabati. Nikagusa mkebe wa filamu, wa moto. Filamu za enzi hizo zilishika moto kama pamba. Nikatafuta gunia, nikalilowesha, nikaufunika.

Tajiri aliingia, akaniuliza ni mchezo gani ule. Nikamjibu, “Ndivyo alivyotaka Bwana Van Dyke.”