Sentimita Kumi

Mtu akipita kwenye kibanda chetu hapa Bwera siku ya Jumamosi, ananikuta na msumeno mkono huu na kalkuleta mkono huu, anauliza kama mimi ni fundi ao mwalimu. Kazi yangu ni kukaa na vijana. Wengi wetu tulitoka upande wa Beni na Butembo, wengine ni Wakonzo wa hapa hapa, na lugha inatuunganisha kabla hata ya Kiswahili. Tunatengeneza redio, spika na taa za sola. Leo naandika juu ya sanduku moja la sabufa. Liliniabisha, lakini sijutii kulitengeneza.

Dereva mmoja wa Noah, anayefanya safari za Kasese na Bwera, alikuja na sabufa ya inchi 12 na amplifaya yake. Unajua ile barabara: Kikorongo, Kinyamaseke, Kisinga, mpaka huku kwetu karibu na mpaka wa Mpondwe. Akaniambia, "Kijana, abiria wanapenda gari yenye muziki. Nitengenezee sanduku lenye tundu, si lile la kuziba."

Kwa asiyejua: sanduku la kuziba halina pa kupumulia. Lenye tundu lina paipu ndani, na hewa ya paipu inaisaidia spika kutoa besi nzito bila kuongeza umeme mwingi. Chukua chupa ya soda, puliza mdomoni, itavuma. Sanduku na paipu ni chupa hiyo hiyo. Shingo ikiwa ndefu, sauti inashuka. Ikiwa fupi, inapanda.

Mimi nilijua hayo kwa mdomo tu. Nilikata mbao vizuri, nikapiga gundi na skrubu, nikaziba pembe zote na silikoni. Tulipitisha mshumaa kwenye viungo huku muziki unapiga, moto haukutikisika. Ikabaki paipu. Tulikuwa na kipande cha PVC ya inchi nne, ile ya choo, kimebaki kwenye kazi ya mtu. Kilikuwa sentimita 10. Nikakiweka. Besi ikagonga, vijana wakapiga kelele, dereva akalipa akaenda.

Siku tatu hazikuisha akarudi. "Kijana, spika yangu imekufa." Nikaifungua. Koili ilikuwa imekatika.

Sasa sikia kosa langu la kweli, juu ya spika si lenyewe. Sikuwa na pesa ya kumlipa, na yeye alitaka pesa siku ile. Sanduku la akiba ya kikundi lilikuwa kwangu, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilitoa shilingi 280,000. Nilijiambia nitarudisha kabla mtu hajahesabu. Wiki mbili nilikuwa nawafundisha vijana kusema ukweli, na usiku silali.

Mwekahazina wetu ni msichana wa miaka 17. Jumamosi ya tatu alileta daftari lake, akasema leo tunahesabu. Nikasema kabla ya kufungua. Nilisema yote, nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Hakuna aliyenitukana. Kingekuwa kitu rahisi zaidi. Yeye akauliza, "Yaya, paipu ulikata ngapi?"

"Kumi."

"Juu ya nini kumi?"

"Juu kipande kilikuwa kumi."

Akaandika hiyo kwenye daftari. Kisha akasema, "Basi tupigie hesabu sasa, sisi wote tuone."

Tukapiga. Ndani ya sanduku ni sentimita 60 kwa 35 kwa 30, ni lita 63. Toa nafasi inayokaliwa na spika, kama lita 3, mbao za kukaza lita 2, na paipu yenyewe. Zinabaki kama 55. Tulitaka sanduku livume kwa mitetemo 35 kwa sekunde. Hesabu yake ni hivi: upana wa paipu kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, halafu mara 23,562.5. Gawanya kwa 35 mara 35 mara lita 55. Mwisho toa upana wa paipu mara 0.732. Kwa paipu ya sentimita 10 inatoka karibu 28.

Ishirini na nane! Mimi niliweka kumi. Sanduku langu lilikuwa linavuma karibu na mitetemo 50. Besi ikishuka chini ya hapo, hewa ya ndani haiishiki tena spika. Koni inaenda mbele na nyuma bila breki, na koili inagonga mpaka inakatika. Kumbe dereva hakuwa na kosa, hata mwenye kuuza spika hakuwa na kosa.

Tulinunua paipu, tukakata 28, na mdomo wa ndani ukabaki mbali na ukuta. Dereva akaleta spika mpya. Tukaipigia milio kutoka kwa simu, sauti ya chini, tukishuka polepole. Karibu na 35 koni ikatulia, karibu isisogee, na upepo ukatoka kwenye paipu. Hiyo ndiyo alama. Kijana mmoja aliweka mkono pale kwenye tundu, akacheka.

Kikundi kilikata hivi: ufunguo ukae kwa mtu mmoja, daftari kwa mwingine, sanduku la akiba kwa wa tatu. Na mimi nilipe kwa mikono. Kila sanduku la sabufa tunalotengeneza, fedha ya ufundi wangu, 40,000, inaingia kwenye akiba mpaka masanduku saba yatimie.

Ninyi mulioko Rwamwanja na Kyaka II, mukitaka kujenga, pimeni sanduku kwanza, paipu baadaye, na musitumie kipande juu kipo tu. Na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mukitupatia pesa ya vijana, musimpe mtu mmoja ufunguo na daftari pamoja, hata kama anaongea vizuri kwenye mikutano. Mimi naongea vizuri kwenye mikutano.

Tumefikisha masanduku matano. Bado nadaiwa 80,000. Kile kipande cha sentimita 10 mwekahazina amekiweka ndani ya sanduku la akiba, juu ya pesa.