Sehemu ya 9: Nilivyomwambia mama "ni umeme"

Watoto wameshalala? Haya, mmoja wenu aliniuliza kwa nini siku hizi nikielezea degedege situmii tena mfano wa umeme. Kuna sababu, na si ya kujivunia.

Ilikuwa masika, huku kwetu Kinole. Mama mmoja alileta mtoto wa miaka miwili, homa kali, ameshakakamaa mara moja njiani. Tulimhudumia, tukampa rufaa, akarudi mzima. Siku aliyokuja kuniaga akaninong'oneza: "Sista, wanasema ni yule ndege kampitia." Mnalijua hilo. Neno lenyewe degedege watu wanasikia ndege ndani yake, na ukishamwamini ndege unaanza kwa mganga, mtoto anafukizwa moshi, na sindano unaikataa eti inaua. Nimeona watoto wakicheleweshwa kwa ajili ya neno hilo moja.

Basi nikataka kumfuta ndege. Nikamwambia: "Hakuna ndege mama. Ni umeme. Kichwani kwa mtoto kuna umeme, homa ikipanda unapiga shoti." Akatingisha kichwa, akaelewa. Nilijiona mwalimu kweli.

Wiki chache baadaye, usiku, mvua na radi, vioo vimefunikwa kanga kama kawaida yetu, mtoto akaanza tena. Bibi yake akapiga kelele: "Msimguse! Ana umeme!" Mjomba akakimbia kuzima swichi kubwa. Mwingine akaleta mwiko wa ugali ili wamsukume mtoto mbali na ukuta. Na kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, bibi na mjomba wakisema jambo, nani abishe? Mtoto akabaki chali sakafuni anatapika, watu wazima wamemzunguka wanamwangalia. Mama yake ndiye aliyevunja duara. Alisema kama ni kufa tufe wote, akambeba, wakashuka na bodaboda kwenye matope.

Alikuwa ameshavuta matapishi kifuani. Alilazwa mjini siku kadhaa kwa nimonia. Alipona, jamani, nawaambia mapema msije mkakosa usingizi.

Bibi aliponiona hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, si wewe ulisema umeme?" Sikuwa na jibu. Hakuna alichokosea. Tangu nguzo zifike tumefundishwa kwamba aliyeshikwa na umeme haguswi mpaka uzimwe. Neno nililompa mimi, na masharti yake alikuwa anayajua.

Nikaanza kulifikiria hili neno. Kabla ya nyaya na LUKU, umeme ulikuwa ule mwanga wa mawinguni tu, wenzake ni kumemeteka na kumetameta. Nguzo zilipokuja tukalichukua neno la mbinguni tukalifunga kwenye waya. Wenzetu Kenya wanasema stima, lililotoka kwenye Kiingereza cha meli ya mvuke, halina radi ndani yake kabisa. Waganda wana amasannyalaze, linalohusiana na kupooza na kufa ganzi. Ukiwaza, wao walilitaja kwa namna mwili unavyoonja.

Hata wataalamu walichanganyikiwa hapohapo alipochanganyikiwa bibi. Mwaka 1791 daktari wa Italia, Galvani, aliandika kwamba miguu ya chura aliyekufa inaruka kwa sababu ya "umeme wa wanyama". Mwenzake Volta akapinga, akasema umeme unatoka kwenye vyuma vilivyogusa ule mguu. Kwa kutaka kushinda ubishi akatengeneza betri ya kwanza, 1800, na jina lake ndilo hizo volti mnazozisoma kwenye chaja. Kila mmoja alikuwa na ukweli nusu. Umeme ndani ya mwili upo, na mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger aliunasa ule wa ubongo wa binadamu, akauchora kwenye karatasi. Lakini ni mdogo mno, unatokana na chumvichumvi zinazoingia na kutoka kwenye chembe za mwili. Haumrukii anayemshika mtoto.

Na hapa niongeze kitu ambacho wengi hamkijui: hata mtu aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Anagusika, asaidiwe haraka. Asiyeguswa ni yule ambaye bado ameshikana na waya wenye moto.

Kwa hiyo mtoto akikakamaa: MSHIKE. Mlaze ubavu, mate na matapishi yatoke nje. Legeza nguo, ondoa vitu vya kumwumiza. Usimbane kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote mpaka aamke vizuri. Tazama saa. Ikipita dakika tano ni dharura, usisubiri iishe, toka naye. Ikiisha mapema, bado mlete siku hiyohiyo, hata usiku, maana huenda ni malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka, na kwa macho huwezi kujua. Sindano haiui mtoto mwenye degedege. Kinachotuua sisi ni kuchelewa.

Siku hizi nikieleza nasema hivi: chembe za ubongo huongea kwa zamu, kama watu kwenye kikao, siku ya degedege wote wanapiga kelele kwa pamoja. Akiniuliza mama kama ni umeme, simdanganyi. Nauchukua mkono wake nauweka kifuani kwa mtoto. Unasikia mapigo? Umeme wa mwili ndio unaosukuma hayo, na umemshika tangu siku uliyomzaa.

Mwezi uliopita bibi alikuja kliniki siku ya kupima uzito, mjukuu kamfunga mgongoni kwa kanga. Foleni ndefu. Akanikonyeza, akageuza shingo kumwonesha mtoto, akasema, "Nesi, huu umeme wako una kilo kumi na mbili sasa, mgongo unaniuma."